Baba amemwandikisha shamba la mikorosho mwenzangu niliyelelewa naye, na hataki kusema ni mtoto wa nani

#1 Msafiri wa Tandahimba

Wakuu salaam. Naingia kwenye hoja.

Kwa baba tupo wavulana wawili. Mimi nimezaliwa na mama, hilo halina ubishi. Mwenzangu aliletwa nyumbani akiwa mdogo sana, kabla sijapata akili ya kukumbuka. Tumelala kitanda kimoja, tumekula sahani moja, tumeingia jando msimu mmoja. Kijijini wanatuita pacha ingawa hatufanani hata kidogo. Baba akiulizwa alikuwa anajibu "huyu mwanangu", basi. Mama amefariki bila kuligusa jambo hilo mbele yangu.

Mimi nilitoka, nafanya kazi Mtwara mjini. Mwenzangu alibaki na mzee. Juzi nimeenda kufuatilia salfa ya ruzuku, dawa ya kupulizia mikorosho, kwa sababu mzee miguu imechoka. Karani wa AMCOS, chama chetu cha ushirika, akafungua orodha ya wakulima, akaniambia shamba kubwa halipo kwa jina la mzee. Lipo kwa jina la mwenzangu, na fedha za mnada zinaingia kwenye akaunti yake. La mzee ni lile dogo la karibu na nyumba.

Nikamuuliza baba. Akasema, "Kila mtu ana chake." Nikamuuliza, huyu ni mtoto wa nani? Akainuka kwenda kutia udhu na adhana ilikuwa bado.

Nikamfuata mwenzangu. Hakukana kwamba anajua. Alisema hivi: "Mzee akifa nitakwambia siku hiyohiyo, kabla hatujazika. Sasa hivi usiniulize, nilimpa neno langu."

Sina njaa ya shamba, kazi ninayo. Ila baba alikuwa na neno zito moyoni, na kati yetu wawili akamchagua yeye wa kumwambia. Hapo ndipo silali. Watu wa kusini mnaojua mila, nisaidieni kufikiri.

#2 Kibuyu cha Uraka

Siti ya mbele nimeshakaa. Mtoto wa nje huyo, mkuu. Mzee alizaa pembeni, mama akakubali kulea kwa sharti mdomo ufungwe. Kesi imeisha, leteni nyingine.

#3 Binti wa Rutamba

Kibuyu, kesi yako imeisha haraka mno. Kama ni mtoto wa nje, kwa nini aliyezaliwa ndani ndiye anyimwe shamba kubwa? Kwa kawaida wa nje ndiye anayepewa vipande vya pembeni. Hapa ni kinyume.

#4 Kibuyu cha Uraka

Dhamiri, dada. Mzee analipa.

#5 Mzee wa Newala

Vijana, mnaanza na kitanda wakati mngeanza na ukoo.

Sisi Wamakonde, na majirani zetu Wamakua, Wayao na Wamwera, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Zamani mali ya mwanaume ilikuwa inaenda kwa ndugu zake wa tumbo moja na kwa wapwa zake, watoto wa dada. Mtoto wako mwenyewe alikuwa na mjomba wake wa kumtazamia. Enzi za mtama na muhogo hakukuwa na ugomvi mkubwa, kwa sababu shamba likichoka mtu anahama. Mkorosho ndio ulioleta kesi. Unaendelea kuzaa miaka mingi baada ya aliyeupanda kufa, na waliopalilia na kuokota ni mke na watoto wa mwenye shamba. Akifa, wapwa wanakuja wanasema mikorosho ni ya mjomba wetu. Wazee wengi wakaanza kuwagawia watoto wao mapema, wakiwa hai, tena usiku.

Sasa wewe mleta uzi umelichukulia jambo hili kama mtoto wa damu kanyimwa. Inawezekana mwenzako ni mpwa wa mzee. Kama ni mpwa, kwa mila ya zamani yeye ndiye mwenye haki na wewe ndiye mgeni. Baba yako kukuachia hilo shamba dogo ndiyo huruma yenyewe.

#6 Msafiri wa Tandahimba

Shikamoo mzee. Baba ana dada mmoja tu, shangazi yangu, na watoto wake wote nawajua kwa majina.

#7 Mzee wa Newala

Marahaba. Ana dada mmoja wa tumbo moja. Binti wa mama mdogo wa baba yako naye ni dada wa baba yako, na mwanawe ni mpwa kamili. Hao unawajua wote?

#8 Msafiri wa Tandahimba

Hapana. Wengine wapo ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji.

#9 Nahodha wa Msangamkuu

Basi umeshajijibu. Mtoto wa vita. Wakati FRELIMO wanapigania uhuru wa Msumbiji watu wengi walivuka wakiwa na watoto, wengine wakafia njiani, watoto wakabaki kwa ndugu wa upande huu.

#10 Mwanamasasi

Nahodha, hesabu za miaka hazikai. FRELIMO na Mreno walipigana 1964 hadi 1974, Msumbiji ikapata uhuru Juni 1975. Mleta uzi una miaka mingapi?

#11 Msafiri wa Tandahimba

Nimezaliwa katikati ya miaka ya themanini.

#12 Mwanamasasi

Basi ni vita vya pili, serikali ya FRELIMO na waasi wa RENAMO. Vile vilikwisha kwa mkataba wa Roma, Oktoba 1992, na navyo vilileta watu wengi huku. Nahodha hukukosea mto, umekosea vita.

#13 Nahodha wa Msangamkuu

Nashukuru kwa sahihisho. Mtoto wa vita vya pili basi. Hoja yangu ipo palepale.

#14 Kijana wa Ligula

Mnajisumbua. Aende hospitali yoyote, wachukuliwe mate, vinasaba vitasema. Wiki mbili kazi imekwisha.

#15 Dada wa Ustawi

Ligula, haiko hivyo. Vipimo vya vinasaba vinafanywa chini ya sheria ya mwaka 2009, na maabara ni ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mtu hajiendei mwenyewe na kikombe cha mate. Maombi yanapitia kwa wenye mamlaka ya kuomba, kama mahakama, wakili au afisa ustawi wa jamii, na majibu yanarudi kwa aliyeomba. Nimefanya kazi hii. Na mtu mzima hashikwi kwa nguvu akatolewa sampuli kwa sababu ndugu yake ana wivu.

Hata akipima, kipimo kitamwambia kama ni mtoto wa baba yake au siyo. Hakitamwambia kwa nini mzee alinyamaza.

#16 Kijana wa Ligula

Sawa dada, ila neno wivu umelitupa kwa ukali.

#17 Dada wa Ustawi

Yeye mwenyewe ameandika hana njaa ya shamba. Kinachobaki ni nini? Sijamtukana. Wivu wa mtoto kwa mzazi ni kitu cha kweli, na mtu wa miaka arobaini anao vilevile kama wa miaka mitano.

#18 Ustadh wa Chuno

Assalaam alaykum. Naona mnazungumza mila na vinasaba, na dini nayo ina neno hapa.

Kuna hadithi mashuhuri ya Nuuman bin Bashir. Baba yake alimpa zawadi peke yake, akaenda kwa Mtume (s.a.w.) ili ashuhudie. Mtume akamuuliza kama watoto wake wote amewapa mfano wa hiyo. Akasema hapana. Akaambiwa amche Mwenyezi Mungu na afanye uadilifu baina ya watoto wake. Kwa hiyo ikiwa wote wawili ni watoto wa mzee huyu, hiba hii ina kasoro, arekebishe angali hai.

Ikiwa yule ni wa kulea, hukumu inageuka. Mtoto wa kulea harithi, na Surat Al-Ahzab imeagiza waitwe kwa majina ya baba zao. Lakini mzee akiwa hai na akili timamu anaweza kumpa hiba, au kumuusia kisichozidi theluthi.

Mleta uzi, tazama hapo. Bila kujua huyu ni nani, hakuna anayeweza kusema mzee amedhulumu au hakudhulumu.

#19 Binti wa Rutamba

Ustadh, kwa hiyo kile kimya ndicho kinachomlinda mzee asihukumiwe?

#20 Ustadh wa Chuno

Sikusema hivyo, dada yangu. Ila umelisema vizuri.

#21 Mwanamasasi

Sisi wa upande wa pili tunaye Yakobo na kanzu ya Yusufu. Baba akimpenda mmoja waziwazi, nyumba inaungua. Na Yusufu hakuwa hata mtoto wa kwanza, alikuwa wa kumi na moja. Yeye na Benyamini ndio waliozaliwa na Raheli. Kwa hiyo swali la kwanza siku zote ni mama. Mama wa mwenzako ni nani? Ukimjua huyo, baba atajulikana.

#22 Karani wa Zamani

Naomba niwatoe kwenye Biblia na Qurani kidogo, niwaingize ghalani. Nimefanya kazi ya mizani msimu kwa msimu.

Kijana, hilo jina kwenye orodha liliingia mwaka gani? Nauliza kwa sababu msimu wa 2018 serikali ilikataa bei za wafanyabiashara, jeshi likaja kusomba, bei ikatangazwa 3,300 kwa kilo. Ikaja na uhakiki. Mwenye kilo zaidi ya 1,500 alitakiwa aonyeshe shamba lake, ili wale wa kangomba, wanunuzi wa magendo, wasilipwe kwa korosho walizonunua kwa kisoda kwa watu wenye njaa. Wakulima halali wenye mashamba makubwa nao wakaogopa kucheleweshewa hela. Nilishuhudia baba akigawa kilo zake kwa mke, kwa kijana, kwa mkwe, kila mmoja abaki chini ya 1,500. Majina yale mengine hayakurudi tena kwa mwenyewe. Yamebaki mpaka leo na ndiyo yanayochukulia salfa.

Inawezekana hakuna siri ya damu. Ni jina la karatasi.

#23 Kibuyu cha Uraka

Karani umeua uzi wangu wa mapenzi kwa mizani.

#24 Kijana wa Ligula

Stakabadhi ghalani yenyewe, huu mfumo wa kupeleka korosho ghalani ziuzwe mnadani, si ilianza 2010? Labda jina liliingia tangu hapo.

#25 Karani wa Zamani

Ilianza msimu wa 2007, na ilianzia hukuhuku Mtwara. Siku hizo ilikuwa malipo ya kwanza, unasubiri malipo ya pili mpaka unasahau.

#26 Msafiri wa Tandahimba

Karani, nilimuuliza yule karani wa sasa. Hana kumbukumbu ya mwaka. Alisema alikuta jina lipo. Na ingekuwa la karatasi tu, baba angeniambia "ni la karatasi". Asingeondoka kutia udhu.

#27 Mwana wa Mikindani

Nimesoma tangu juu, nikataka kupita. Nimeshindwa.

Mimi ndiye huyo mwenzako, katika nyumba nyingine. Nililelewa na mtu asiye baba yangu, pamoja na kijana wake, na nilipofikisha umri wa kuoa mzee aliniita shambani peke yangu, tukakaa chini ya mkorosho, akaniambia baba yangu ni nani na alikufa vipi. Kisha akaniapisha nisimwambie kijana wake. Sababu yake ni kwamba baba yangu alikufa kwa jambo ambalo babu wa huyo kijana alihusika nalo. Siwezi kusema zaidi ya hapo.

Wewe unaona nimechaguliwa. Sikuchaguliwa, nilidaiwa ukweli nikalipwa. Ni kisa changu, mzee hakuwa na hiari ya kuninyima. Tangu siku ile kila nikikaa na ndugu yangu mezani nahesabu maneno. Alininunia kwa muda mrefu sana akiamini kwamba baba yake ananipenda zaidi. Na mimi nilimwonea wivu yeye, kwa sababu alikuwa anacheka na mzee bila kitu katikati, na mimi kicheko hicho kilinitoka siku ile shambani.

Mwenzako anaposema "nilimpa neno langu", usidhani anakuringia. Yeye ndiye aliyekatazwa kuwa ndugu yako kamili.

#28 Msafiri wa Tandahimba

Nimesoma hii nikaweka simu chini. Asante. Nitarudi.

#29 Binti wa Rutamba

Mikindani umeniliza ofisini.

Nami niseme ya kwetu. Baba yetu alikuwa na wavulana wawili, wa kwanza msemaji, wa pili mkimya. Siri akampa mkimya: alikuwa na mke na watoto Kilwa Masoko. Kaka akawa ndiye anayepeleka hela ya matumizi, anasema anaenda kununua ufuta. Baba alipofariki, siku ya arobaini yule mama akaja na wanawe. Mnajua nani alichukiwa? Siyo marehemu. Marehemu alisomewa dua vizuri tu. Alichukiwa kaka, kwa kosa la kujua. Kaka mkubwa mpaka leo hamsalimii, na anasema maneno yaleyale ya mleta uzi: "kwa nini baba alimwambia yeye?"

Wazee wanaotoa siri kwa mtoto mmoja wajue wanamwachia na uadui. Hilo nalisema bila kuwaheshimu, wanisamehe.

#30 Mzee wa Newala

Umesema kwa haki, binti yangu.

Mleta uzi, nina swali ambalo hawa vijana hawajakuuliza. Siku mlipotoka jando, nani alitoka kwa ajili ya mwenzako? Kwetu mjomba ndiye anayebeba shughuli ya mpwa wake. Kwa ajili yako alikuja kaka wa mama yako, bila shaka. Kwa ajili yake alikuja nani?

#31 Kibuyu cha Uraka

Sasa hapa mzee amegonga. Nasogeza kiti.

#32 Msafiri wa Tandahimba

Mzee, umenirudisha mbali.

Mjomba wangu alikuja na kanga, vitenge na jogoo, alinivisha yeye. Kwa mwenzangu alikuja mzee mmoja mrefu na baiskeli, sijamwona kabla ya siku ile wala baada yake. Alimvisha nguo mpya, akampa jina la ukubwani, na jina lile sikuwahi kulisikia kwenye familia yetu. Alizungumza na baba nyuma ya nyumba, kwenye kisima cha kukinga mvua. Hakula. Hilo nalikumbuka kwa sababu mama alilalamika, shughuli kubwa vile mtu anakataa ugali. Akaondoka siku ileile.

#33 Mzee wa Newala

Basi mwenzako ana ukoo, na ukoo wake unamjua. Si mtoto aliyeokotwa vitani. Na si mpwa wa baba yako, kwa kuwa angekuwa mpwa, baba yako mwenyewe ndiye angekuwa mjomba wa kumvisha. Nafuta niliyosema namba 5.

#34 Nahodha wa Msangamkuu

Vita sivifuti. Mjomba anaweza kuwa alivuka mto na baiskeli yake. Watu wa Msimbati na Kilambo wanavuka kila siku, ndugu wapo pande zote.

#35 Mwanamasasi

Na kwa nini hakula? Mtu akikataa chakula kwenye shughuli ya mpwa wake, ana neno na mwenye nyumba.

#36 Kijana wa Ligula

Au alikuwa amefunga jamani. Si kila kitu ni kisa.

#37 Dada wa Ustawi

Ligula kwa mara ya kwanza nakubaliana nawe.

#38 Karani wa Zamani

Mimi nimeshikwa na maneno "kabla hatujazika". Kwa nini kabla ya kuzika? Angeweza kusema baada ya arobaini, au siku ya kugawa mirathi. Kabla ya kuzika, mbele ya jeneza, kuna tangazo moja tu linalotolewa: anayemdai marehemu ajitokeze, au azungumze na familia.

Mwenzako anamdai mzee. Au mzee anashikilia amana yake.

#39 Ustadh wa Chuno

Karani, umefungua mlango. Deni la maiti ni zito, hulipwa kabla ya wasia na kabla ya mirathi. Mtu mwenye dini angelifikiria hilo.

#40 Mzee wa Newala

Na mimi nitaingia kwenye mlango huo, maana nimeyaona.

Miaka ya 1970 tulihamishwa kwenda vijiji vya ujamaa. Wengi tuliacha mikorosho iliyokomaa maporini, mbali kiasi kwamba kwenda na kurudi siku imekwisha. Bei nayo ikawa haina faida, ukaja na ugonjwa wa ubwiriunga, ua linakauka kabla ya kushika. Nchi ilivuna kama tani 145,000 mwaka 1973/74. Kufika 1986/87 ilikuwa chini ya 17,000. Mashamba yaligeuka misitu. Mtu ukimwambia "nitazamie pale kwangu" anakuona umempa mzigo.

Kisha salfa ikaja kwa wingi, wakaanza kupulizia, mikorosho ikaamka. Waliokuwa wamepewa kutazama wakajikuta na mali mikononi. Wengine walirudisha. Wengine walinyamaza, wenyewe walishakufa. Kesi za namna hii zimejaa mabaraza ya ardhi ya vijiji, na shahidi ni vikongwe watupu.

Sasa weka pamoja: rafiki aliyeacha shamba, akafa, akaacha mtoto mchanga. Mtunza shamba anamchukua mtoto na shamba. Mjomba wa mtoto anakuja jandoni, anauliza jambo moja nyuma ya nyumba, hali chakula.

#41 Kibuyu cha Uraka

Mzee umenisimamisha nywele.

#42 Msafiri wa Tandahimba

"Kila mtu ana chake." Ndivyo alivyosema baba.

#43 Binti wa Rutamba

Subirini kwanza. Mnampa sifa mzee ya kurudisha amana. Kama ni amana, ada ya shule ya mleta uzi ilitoka wapi? Mlisoma wote wawili?

#44 Msafiri wa Tandahimba

Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne na chuo. Yeye aliishia la saba. Baba alisema hana kichwa cha shule. Kichwa alikuwa nacho, ndiye aliyekuwa ananifundisha hesabu.

#45 Dada wa Ustawi

Hapo ndipo pa kulia. Samahani, lakini ndivyo ninavyoona. Kama shamba ni la kwake tangu mwanzo, basi wewe umesomeshwa kwa korosho zake, huku yeye anapulizia.

#46 Karani wa Zamani

Dada, taratibu, hilo halijathibitishwa. Hata kwenye nyumba za damu moja, kipindi kile kumsomesha mmoja na mwingine kubaki shamba lilikuwa jambo la kawaida. Hela ilitosha mmoja.

#47 Kijana wa Ruangwa

Nimechelewa kufika. Mimi naona kitu chepesi kuliko vyote. Anayepalilia ndiye anayepewa. Mwenzako amebaki, amebeba salfa mgongoni, ameamka alfajiri kuokota, amempeleka mzee hospitali. Wewe umekuja siku bei imepanda. Mnada wa kwanza wa Oktoba 2024 kilo ilivuka 4,000, tukaanza kuwaona ndugu kutoka mjini kwa wingi. Mzee amelipa utumishi. Hiyo baiskeli na mjomba ni hadithi zenu.

#48 Kibuyu cha Uraka

Mtu wa Ruangwa, timu yenu ya Namungo ikishinda tu unakuja na hukumu.

#49 Kijana wa Ruangwa

Bora Namungo ipo ligi kuu. Ndanda iko wapi?

#50 Mwanamasasi

Msiiguse Ndanda. Rudini kwenye uzi.

#51 Msafiri wa Tandahimba

Ruangwa, sikuja kwa sababu ya bei. Nilikuja kwa sababu mzee alianguka. Lakini nakubali kwamba mwenzangu amefanya kazi ya watu wawili, na angeandikiwa shamba kwa sababu hiyo nisingeuliza hata nusu ya swali. Angeniambia tu.

#52 Mwana wa Mikindani

Usimbane ndugu yako tena. Akivunja kiapo kwa ajili yako, atakuwa amempoteza mzee na hatakupata wewe. Kama ni lazima uulize, muulize mzee jambo ambalo anaweza kulijibu bila kutaja mtu.

#53 Karani wa Zamani

Kwa mfano mipaka. Mwambie, "Baba, nionyeshe mipaka ya mashamba yote mawili, nisije nikagombana na majirani ukiwa haupo." Hakuna mzee wa kusini anayekataa kuonyesha mipaka. Ukifika, itazame mikorosho yenyewe. Ile ya zamani ni mikubwa, matawi yanagusa chini na kuingiliana. Iliyopandwa kwa ushauri wa watafiti wa Naliendele imepewa nafasi, mita 12 kwa 12. Umri wa mti utakwambia kama aliyeupanda anaweza kuwa baba yako.

#54 Kijana wa Ligula

Hii sasa ndiyo akili. Mleta uzi nenda, tunasubiri mrejesho.

#55 Msafiri wa Tandahimba

Wakuu nimerudi. Samahani kwa ukimya, mtandao kule unapanda na kushuka.

Mzee hakukataa. Alikwenda na fimbo mpaka shamba kubwa, akakaa, akamwambia mwenzangu anizungushe. Mikorosho ni mikubwa sana, ya kizamani, na imepangwa kwa mistari. Baba alizaliwa karibu na 1950. Mingine pale inaonekana ilikuwa inazaa yeye akiwa mtoto. Upande mmoja kuna msingi wa nyumba na mwembe. Nikauliza nani aliishi pale. Mwenzangu akatazama kwa mzee. Mzee akasema, "Watu wa zamani, kabla ya vijiji."

Tulipokuwa tunarudi mzee alimtanguliza mwenzangu, akanishika bega, akasema: "Wewe nilikupa shule ili usihitaji pale." Nimeandika kama alivyosema, sijaongeza.

#56 Mzee wa Newala

Amana. Sina la kuongeza.

#57 Mwanamasasi

Mzee wangu kwa heshima, inaweza kuwa ya babu. Babu alipanda, baba akarithi. Mikorosho ya miaka ya 1950 ipo mingi.

#58 Mzee wa Newala

Babu yupi? Shamba la babu mzaa baba kwa mila lilienda kwa wapwa wa babu, siyo kwa baba yake huyu. Kama ni la mjomba wa baba yake, hapo sawa, baba yake angelipata kwa haki. Lakini basi asingekuwa na sababu ya kumpa kijana wa ukoo mwingine.

#59 Binti wa Rutamba

Mila zimechanganyika siku nyingi, mzee. Kwetu Lindi babu alimpa baba yangu moja kwa moja, wapwa wakanuna ikaisha.

#60 Kibuyu cha Uraka

Narudi kwenye yangu ya namba 2. Mzee alimpenda mke wa mwenye nyumba ile ya mwembe. Mume akafa au akahama. Mtoto ni wa mzee, shamba ni la yule mume, ndiyo maana mjomba hakula. Kila kipande kinakaa.

#61 Dada wa Ustawi

Kibuyu, nilitaka kukukemea, nimekosa pa kuanzia.

#62 Ustadh wa Chuno

Tusimsingizie mtu mzima jambo zito bila ushahidi. Ndugu, umepata neno la baba yako mwenyewe kutoka kinywani mwake: alikupa shule. Yeye anaona amegawa sawa.

#63 Karani wa Zamani

Mimi hata sasa sijaondoa la kilo 1,500. Jina linaweza kuwa la mwaka 2018 na shamba likawa la amana, yote mawili kwa pamoja. Mwambie mwenzako akuonyeshe stakabadhi za zamani, hizo hakuapa kuzificha.

#64 Msafiri wa Tandahimba

Anazo kwenye bati la biskuti, nimeziona kwa mbali. Nitaomba. Msimu huu nimechukua likizo, napalilia naye shamba kubwa, na hilo nimemwambia kabla ya kumwambia mzee.

#65 Kijana wa Ruangwa

Palizi tu haitoshi, nenda na pampu ya kupulizia, za kuazima zinagombewa. Na hizo stakabadhi ukizipata angalia jina la aliyepokea malipo ya msimu wa 2007, uje hapa.